Mahali pa Maji

Tuko kumi na tisa, tukimhesabu na mtoto wa Nakiete
anayelala kwenye kanga, chini ya kinanda kisicholia fa.
Chumba tumekipanga kwa Bwana Shaame, nyuma ya duka la saruji,
Chake Chake, njia ya kuteremkia Tibirinzi.
Msalaba ulichongwa na fundi Kombo Makame;
aliuliza vipimo tu, hakuuliza kingine,
akapunguza bei kwa kuwa, alisema,
mbao zenyewe zilikuwa za kitanda.

Mchungaji huvuka kutoka Unguja mara moja kwa mwezi.
Jumapili nyingine hutuongoza Mzee Mwalongo,
karani mstaafu wa bandari, Mbena wa Ilembula,
sauti kama mlango wa ghala.

Kiti cha mwisho nyuma huketi Kokuhirwa.
"Kwa jina la Baba," anasema Mzee,
na mkono wake mama yule unapanda kwenye paji,
"na la Mwana," unashuka kifuani,
"na la Roho Mtakatifu," bega, halafu bega,
taratibu, kama mtu anayepima kitambaa
kabla hajakikata.

Sisi wengine mikono iko mapajani.
Kwetu Machame tulifundishwa kufumba macho;
mikono haikupewa kazi.

Mzee alivumilia Jumapili nne. Ya tano akamngoja mlangoni.
"Mama, hilo ni la Warumi. Sisi ni Walutheri."
Kokuhirwa alikuwa anatafuta kiatu chake kimoja.
"Mzee," alisema, kichwa hajainua,
"hapa ndipo nilipomwagiwa maji.
Napagusa tu, nione kama pamekauka."
Kiatu akakipata. Akaenda zake sokoni kununua dagaa.

Maneno yale yalinifuata mpaka wodini.
Mimi ni mkunga, zamu ya usiku,
na kisiwani huku hakuna aanzaye jambo hivi hivi:
Bi Mize jirani yangu hafungui kufuli bila bismillahi,
dereva wa gari la wagonjwa hawashi moto bila bismillahi,
kijana wa maabara, mcheshi yule, hachomi sindano.
Mimi peke yangu nilikuwa navaa glovu kimya.

Kisha ukaja usiku wa Riziki binti Hamad,
mtoto akatanguliza miguu.
Kabla ya glovu, kabla ya maji na sabuni,
mkono ulinitoka:
paji, kifua, bega, bega,
nao bado unanuka karafuu
nilizomsaidia Bi Mize kuzichambua alasiri.
Nilijipaka harufu ile mahali pote pane.
Riziki akanitazama, kati ya uchungu na uchungu.
"Kumbe na wewe una lako?"
"Ninalo."
"Basi lilete tulichanganye na langu. Hima!"

Mtoto alitoka wa buluu, akafikiri kidogo, akalia.
Sisemi ni mkono ule.
Kazi hii niliisomea miaka mitatu.

Novemba Mzee Mwalongo aliondokewa na mkewe.
Tulimsindikiza Mkoani, kwenye gati alilolihesabia magunia
tangu nywele zake nyeusi.
Safari hii karani alikuwa mwingine, kijana,
akaliandika jeneza kwenye daftari la mizigo.
Wapagazi walipolinyanyua, nilimwona:
paji, kifua, bega,
haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi.
Halafu akageuka kuangalia nani ameona.
Kokuhirwa alikuwa anatazama baharini.
Alikuwa anatazama baharini kwa bidii sana.

Aliporudi kutoka mazikoni, hakuna aliyesema kitu.
Kinanda bado hakina fa.
"Kwa jina la Baba," alianza, sauti imepungua mlango mmoja,
mikono yake miwili imekibana kitabu.
Wa Kokuhirwa ukapanda.
Wangu ukafika kwenye paji, ukakuta pamelowa.
Ni joto la Pemba, najua,
na feni imeharibika tangu Pasaka.
Lakini sikupafuta.